Alan Page: mlinzi wa Vikings aliyesoma sheria huku akiwaangusha makwotabeki, akaishia kuwa jaji

Fundi Saa

Wakuu, salaam. Humu tukizungumzia futiboli ya Marekani tunawataja warusha mpira tu, maana ndio wanaoonekana kwenye matangazo. Leo nawaletea mtu wa upande wa kuzuia.

Anaitwa Alan Page. Mwaka 1971 alikuwa mlinzi wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ile inayotolewa na shirika la habari la Associated Press. Baada yake ni mlinzi mmoja tu aliyeipata tena, Lawrence Taylor wa New York Giants mwaka 1986. Tuzo hiyo imewahi kwenda hata kwa mpiga mikwaju, Mark Moseley, mwaka 1982, lakini walinzi ni hao wawili basi.

Ninachotaka tukijadili ni hiki: huyu bwana aliijenga kazi yake ya pili akiwa bado kileleni mwa ya kwanza, na ilimgharimu.

Alizaliwa Canton, Ohio, tarehe 7 Agosti 1945. Canton ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Kijana Mweusi wa pale njia yake ilikuwa inajulikana tangu utotoni: unamaliza shule, unaingia kiwandani, unazeekea humo. Page ameeleza mara nyingi kwamba mapema sana alishaamua kazi ile haitaki. Mwaka 1954, akiwa na miaka minane, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ikapiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Mtoto yule akaona kumbe sheria ina nguvu ya kubadili maisha ya watu, akatia nia ya kuwa mwanasheria. Mpira ulikuja baadaye. Alipofika miaka 13 mama yake akafariki.

Canton ndiko NFL ilikoanzishwa mwaka 1920, na kwa sababu hiyo Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ukajengwa hapohapo. Ulifunguliwa 1963, mwaka uleule Page alipomaliza sekondari, na yeye alikuwa miongoni mwa vibarua wa ujenzi wake. Miaka 25 baadaye aliingizwa humo kama mmoja wa mashujaa wenyewe. Nimesoma habari za wanamichezo wengi, na jambo la namna hii sijalikuta kwa mwingine.

Chuo alisoma Notre Dame. Timu yao ikawa bingwa wa taifa 1966, na mwaka uliofuata akahitimu shahada ya sayansi ya siasa. Minnesota Vikings wakamchukua 1967 katika raundi ya kwanza, akiwa wa 15 kuchaguliwa. Nitaendelea na miaka yake Minnesota, ngoja kwanza nione kama kuna maswali.

BintiPangani

Tupo, endelea. Ila mimi mchezo wenyewe siujui vizuri. Huyo mlinzi anamlinda nani? Hakuna kipa pale.

Fundi Saa

Dada, swali zuri, nilipaswa kuanza nalo.

Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu inaanza kuhesabiwa upya, ikishindwa inaupoteza mpira. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake watano, kisha anautupa mbele au anamkabidhi mkimbiaji. Kazi ya walinzi ni kuwanyima wale yadi 10.

Page alikuwa mlinzi wa ndani wa mstari wa mbele, yaani mmoja wa wawili wanaosimama katikati, pua kwa pua na ukuta. Sehemu hiyo mara nyingi huwekwa majitu mazito ya kuziba njia. Wewe ukiwa pale unasukumwa na watu wawili kwa pamoja, na mpira ukipita katikati yako lawama ni yako. Page alikuwa na urefu wa sentimita 193 na uzito wa karibu kilo 111, mwepisi hata kwa viwango vya wakati ule, lakini mwendo wake wa hatua ya kwanza ulikuwa wa ajabu. Mpira ukitikisika tu, yeye tayari yuko begani kwa mtu aliyepangiwa kumzuia. Mara nyingi alimfikia kwotabeki kabla hajainua mkono.

Pale Vikings walikuwa wanne mbele: Carl Eller, Jim Marshall, Gary Larsen na yeye. Jezi zao za zambarau ziliwapa jina la utani la Purple People Eaters. Mwaka 1969 timu ile iliruhusu pointi 133 tu kwa msimu mzima wa mechi 14. Pointi tisa na nusu kwa mechi, kwenye mchezo ambao bao moja la kuvuka mstari peke yake ni pointi sita!

Msimu wa 1971 ndio kilele. Kuna mechi ya Desemba dhidi ya Detroit Lions watu wanaiongelea mpaka leo. Waamuzi walimpigia makosa mawili aliyoamini si halali. Akakasirika, na kilichofuata ni mtu mmoja kuwafunga Lions mlango: anamwangusha kwotabeki, anamfuata mkimbiaji nyuma ya mstari wao wenyewe, mchezo mmoja baada ya mwingine. Tafuteni video yake, hata asiyejua sheria za mchezo ataelewa.

Kisima

Hapo kwenye tuzo nimekuelewa kabisa. Hata soka letu liko hivyo. Cannavaro alipopewa Ballon d'Or 2006 watu walilalamika kana kwamba amemwibia mtu, na tangu hapo hakuna beki mwingine aliyeipata. Mzuiaji akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na watu hawapigi kura kwa kitu ambacho hakikutokea.

Swali langu: alishinda ubingwa? Maana kote umetaja tuzo binafsi.

Fundi Saa

Hakushinda Super Bowl, mkuu. Walifika fainali nne na wakapoteza zote: 23-7 kwa Kansas City Chiefs Januari 1970, 24-7 kwa Miami Dolphins Januari 1974, 16-6 kwa Pittsburgh Steelers Januari 1975, na 32-14 kwa Oakland Raiders Januari 1977. Angalia hiyo ya Pittsburgh, Steelers walipata pointi 16 tu, lakini washambuliaji wa Vikings hawakupata hata moja. Zile sita zilitokana na mkwaju wa Steelers uliozuiwa.

Sasa niseme kuhusu masomo, maana ndiko ninakotaka kufika.

Mapema akiwa Vikings alijaribu kuanza shule ya sheria akaacha baada ya muda mfupi. Mwaka 1975 akarudi, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, na 1978 akahitimu. Oanisheni miaka: ile fainali ya Januari 1977 aliicheza akiwa mwanafunzi wa sheria. Mechi za nyota alichaguliwa misimu tisa mfululizo, kuanzia 1968 mpaka 1976. Kwa hiyo hakuingia darasani kwa sababu mpira ulikuwa umemshinda.

Wakati huohuo alikuwa mwakilishi wa wachezaji katika chama chao. Mwaka 1974 wachezaji waligoma wakidai, pamoja na mengine, uhuru wa kuhama timu mkataba unapoisha. Siku hizi tunaona nyota anahama kwa mamilioni tunadhani ilikuwa hivyo siku zote. Ilibidi watu kama Page wakae mezani na wenye timu, ilhali kesho yake wanategemea mshahara wa haohao.

Halafu kuna kukimbia. Mkewe, Diane, alianza kukimbia ili aache sigara. Page akamfuata, akanogewa. Kilo zikaanza kupungua, akafika mia na kidogo. Kocha Bud Grant hakupendezwa. Mwaka 1978, baada ya mechi sita za msimu, Vikings wakamwacha, wakisema hafikii tena viwango vyao. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya kawaida ya kumsajili mchezaji aliyeachwa: dola 100.

Mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1971, dola 100.

Jongoo

Mkuu nakusoma kwa makini ila hapo napingana nawe kidogo. Kocha ana wajibu kwa timu nzima. Kama unataka mtu wa kuziba katikati na yeye anarudi kila wiki amepungua, akili yake iko kwenye vitabu na mbio ndefu, ufanyeje? Grant ni kocha aliyeifikisha timu fainali nne, hakuwa mjinga. Tusimgeuze kila kocha kuwa adui kwa sababu mchezaji alikuja kuwa mtu mkubwa baadaye.

Fundi Saa

Hoja yako ni ya haki na Grant simuiti mjinga. Lakini tuipime kwa kilichotokea uwanjani.

Page alicheza Chicago mechi 58, kuanzia 1978 hadi 1981. Katika mechi hizo aliwaangusha makwotabeki mara 40. Kule Vikings, kwenye mechi 160, aliangusha mara 108 na nusu (nusu huhesabiwa walinzi wawili wakimwangusha pamoja). Fanyeni hesabu wenyewe: kiwango chake kwa kila mechi Chicago kiko juu kidogo kuliko Minnesota. Yaani yule aliyeonekana amekwisha kwa kukonda alikuwa anafanya kazi ileile, tena akiwa na miaka 33 hadi 36. Jumla mechi 218 mfululizo bila kukosa hata moja. Na mwaka 1979, katikati ya haya yote, akawa mchezaji wa kwanza wa NFL aliye bado kazini kumaliza mbio za marathoni.

Kwa nini Chicago walimwelewa? Kocha wao mkuu, Neill Armstrong, na kocha wa ulinzi, Buddy Ryan, wote walitoka Minnesota mwaka uleule wa 1978. Walimfahamu. Ryan hakujali mizani inasema nini, alijali nani anamfikia kwotabeki.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Grant aliangalia uzito na tabia, asiangalie kazi. Na ninaamini, haya ni maoni yangu, kwamba mchezaji anayesoma sheria na kuwatetea wenzake mbele ya wenye timu anamchosha bosi hata kama kazi yake iko safi.

Jongoo

Hizo 40 kwa mechi 58 sikuzijua. Hapo nakubali, walimwacha mapema. Ila mbona kwenye orodha rasmi za NFL za waliowaangusha makwotabeki wengi simwoni Page? Kwa idadi hiyo angekuwa juu sana.

Fundi Saa

Kwa sababu NFL ilianza kuhesabu jambo hilo rasmi mwaka 1982. Page aliacha kucheza mwisho wa msimu wa 1981. Zile 148 na nusu zimepatikana kwa watafiti kurudia kumbukumbu za timu na filamu za mechi. Deacon Jones wa Los Angeles Rams, aliyelipa tendo hilo jina linalotumika mpaka leo, naye hayumo kwenye orodha rasmi. Wakubwa wote wa miaka ya sitini na sabini wako nje. Ukimwona kijana anasema walinzi wa zamani hawakuwa na takwimu, mweleze hilo.

MkenyaMN

Hamjambo wote. Mimi niko huku Minneapolis, Wakenya tuko wengi upande wa Brooklyn Park na vitongoji vyake. Niwaambie kitu: vijana wa huku wengi wanamjua Page kama jaji, habari ya mpira wanaambiwa na wazee. Kuna shule ya kati ya serikali inaitwa Justice Page. Zamani iliitwa Alexander Ramsey, yule gavana aliyesema mwaka 1862 kwamba Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, waangamizwe au wafukuzwe watoke nje ya mipaka ya jimbo. Wanafunzi wenyewe ndio waliosukuma jina libadilishwe, na 2017 likabadilishwa.

Na ule mfuko wake wa elimu, ulioanza 1988, una sharti ninalolipenda. Unatoa ufadhili wa chuo kwa wanafunzi wa Minnesota wasio Wazungu, lakini aliyepewa lazima atumie angalau saa 50 kwa mwaka kuwasaidia watoto wadogo masomo. Kwa hiyo pesa anapata mmoja, na watoto wanaofaidika ni wengi. Maelfu wamepitia hapo.

BintiPangani

Sharti hilo zuri sana, kaka. Mtoto wa darasa la pili anamwona kijana aliyefanana naye yuko chuo kikuu, anakaa naye na kitabu kimoja. Fundi Saa, sasa tuambie ujaji aliupataje. Alipewa kwa umaarufu?

Fundi Saa

Hakupewa dada. Alishtaki kwanza.

Baada ya mpira alifanya kazi katika kampuni ya mawakili, kisha kuanzia 1985 katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Minnesota katiba inasema majaji wachaguliwe na wananchi. Lakini desturi ilikuwa jaji anastaafu katikati ya kipindi, gavana anateua mwingine, na uchaguzi ukifika yule mteule anagombea akiwa tayari kitini. Mlango wa mtu wa nje ulikuwa mwembamba mno.

Mwaka 1992 kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo kilikuwa kiende kwenye uchaguzi, gavana akamwongezea muda jaji aliyekikalia, uchaguzi ukaahirishwa. Page akaenda mahakamani kupinga. Majaji wa mahakama hiyo wasingeweza kuisikiliza kesi inayowahusu, wakawekwa wengine badala yao. Page akashinda kesi, jina lake likarudi kwenye karatasi ya kura, na Novemba wananchi wakamchagua. Januari 1993 akaapishwa, Mmarekani Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo. Akachaguliwa tena 1998, 2004 na 2010, akastaafu 2015 alipofika miaka 70, ukomo wa umri kisheria.

Kazi yake moja iliyojulikana nchi nzima ni ya uchaguzi wa Seneti wa 2008, Norm Coleman na Al Franken. Kura zilikaribiana mno ikabidi zihesabiwe upya. Jaji Mkuu na jaji mwingine walikuwa katika bodi iliyosimamia hesabu hiyo, wakajitoa kwenye shauri, uongozi ukamwangukia Page. Yeye ndiye aliyewateua majaji watatu wa kusikiliza kesi, na rufaa ilipofika juu aliongoza jopo. Juni 2009 wote watano wakaamua pamoja kwamba Franken ameshinda, kwa kura 312.

Kisima

Mtu aliyekuwa anavamia makwotabeki anakuja kuamua kiti cha Seneti kwa kura 312. Nimeipenda hii.

Ila niulize jambo zito kidogo. Wachezaji wengi wa enzi hizo na za baadaye walipata madhara ya ubongo. Dave Duerson alitoka Notre Dame akacheza Bears, njia ileile ya Page, akafariki 2011 na uchunguzi ukakuta ubongo wake una ugonjwa wa CTE, ule unaohusishwa na mapigo ya mara kwa mara kichwani. Junior Seau naye hivyohivyo baada ya kufariki 2012. Walikuwa watu wa akili, Duerson alikuwa amesoma uchumi. Kwa hiyo tusije tukasema Page aliokolewa na vitabu.

Fundi Saa

Umesema kweli na nakushukuru kwa kulileta. Ugonjwa ule hauchagui msomi, na misimu 15 kwenye mstari wa mbele ni mapigo mengi sana kichwani. Page alibaki na kidole kidogo cha mkono kilichopinda kikaelekea pembeni kabisa, na kwa kuwa watoto walikuwa wanamuuliza kila mara, yeye na binti yake Kamie wakakiandikia kitabu cha watoto. Wenzake wengine waliondoka na majeraha yasiyoonekana. Sijamweka hapa kama dawa ya jambo hilo.

Alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa 1988, aliyemtambulisha alikuwa Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis. Page katika hotuba yake hakusimulia mechi. Alisimulia kikao cha walinzi wa timu, kila mmoja anatakiwa asome kwa sauti ukurasa wa kitabu cha mbinu, na baadhi ya wanaume wazima waliopita vyuo wakashindwa kusoma. Alisema shule ziliwapitisha darasa hadi darasa kwa sababu walijua mpira. Mfuko wa elimu ulizaliwa mwaka huohuo.

MkenyaMN

Niongeze moja kabla sijaenda kazini. Mapema 2018, Super Bowl ilipochezwa hapa Minneapolis, yeye na mkewe walikuwa na maonyesho katika maktaba kuu ya mji. Walikusanya kwa miaka mingi vitu vya enzi za utumwa na ubaguzi, vile vibao vya kuwatenga Weusi, pamoja na bango la maombolezo ya Rais Lincoln. Mji umejaa wageni wa mpira, na wao wakaweka historia hiyo wazi kwa yeyote kuingia. Diane alifariki Septemba mwaka huo kwa saratani ya matiti. Novemba Page akapewa Nishani ya Rais ya Uhuru Ikulu ya Marekani.

Jongoo

Fundi Saa, bado hujasema alivyoagana na Bears.

Fundi Saa

Kweli, na ni kisa kizuri. Mwisho wa msimu wa 1981 ilijulikana makocha wanafukuzwa. Page, ambaye mwenyewe alikuwa anaondoka na hana cha kupata, akashirikiana na Gary Fencik kuandika barua kwa mzee George Halas, mwenye timu, wakiomba Buddy Ryan na wenzake wa ulinzi wabakizwe. Walinzi wakatia saini. Halas akakubali: kocha mkuu akabadilishwa, akaja Mike Ditka, lakini Ryan akabaki. Miaka minne baadaye, msimu wa 1985, walinzi wa Ryan waliipa Chicago Super Bowl kwa kuwafunga New England Patriots 46-10. Page wakati huo yuko Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, St. Paul.